Yai la Kioo: Hadubini za Hesabu na Kichocho Kinachobaki Unguja

Utotoni mwetu Mji Mkongwe tulikuwa na mchezo wetu pwani ya Mizingani. Maji yakijaa na mkondo ukaleta konyeza, tulimchota mmoja mdogo kwa chupa ya kioo, kwa hadhari asituchome, kisha tukaiinua chupa usawa wa macho. Ukiitazama huku jua liko nyuma yake moja kwa moja, huoni kitu, maana mwili wa konyeza ni kama maji ndani ya maji. Ukiigeuza kidogo ili jua liingie kwa ubavuni, ghafla umbo lote linajitokeza: ukingo mmoja unang'ara, wa pili unafifia, na mwavuli wake unaonekana ukifumba na kufumbua.

Mchezo ule nilikuja kuukumbuka miaka mingi baadaye, nikiwa daktari kijana mbele ya hadubini. Aliletwa mtoto wa kiume wa miaka 11 kutoka kijiji kimoja cha Kaskazini Unguja. Mama yake alieleza kwamba mwanawe akimaliza kukojoa hutoka matone ya damu. Siku hiyo maabara ilielemewa na kazi, nami nikajitolea kuisoma slaidi mwenyewe. Niliufungua mwanga wote na kuipandisha kondensa hadi juu, kama nilivyozoea kusoma slaidi zilizotiwa rangi. Nikalipitia chujio lote, sikuona yai hata moja, nikaandika neno moja: hasi.

Mzee wa maabara alipopata nafasi aliomba atazame na yeye. Slaidi hakuigusa. Aliishusha kondensa, akaubana mlango wa nuru, yaani kile kitundu kinachofunguka na kufunga chini ya meza ya slaidi, kisha akalizungusha polepole gurudumu la kulengea, mbele na nyuma. "Dokta, mwanangu," akaniambia kwa upole, "mwanga ukizidi hupofua." Nilipoinamia hadubini nikayaona mayai mawili, kila moja na mwiba wake nchani.

Mayai yale yalikuwepo tangu mwanzo. Jicho langu liliyapita kwa sababu nuru iliyapita. Lau si mzee yule, mama angerudi kijijini na karatasi inayosema mwanawe hana kitu, na mtoto angeendelea kuumwa na kuambukiza. Tangu siku hiyo kila ninapolisoma neno "hasi" hujiuliza: hakuna, au hatukuona? Makala haya yanahusu swali hilo. Yanaeleza aina mpya ya hadubini ambazo, kwa kuunganisha taa nyingi ndogo, kamera na hesabu za kompyuta, zinaweza kutuonesha kitu angavu kwa urefu, upana na kina chake. Na yanaeleza kwa nini jambo hilo linatugusa sisi wa Unguja.

Mayai machache yaliyobaki

Kichocho cha mkojo husababishwa na mnyoo aitwaye Schistosoma haematobium. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyewatambua minyoo hao mjini Cairo mwaka 1851, na kwa jina lake ugonjwa ukaitwa pia bilihazia. Yai linalotoka na mkojo likiangukia katika maji baridi ya kijito au bwawa, huanguliwa kiluwiluwi kinachoingia ndani ya konokono. Hapa Unguja na Pemba konokono anayebeba maradhi haya ni Bulinus globosus. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo hutoa viluwiluwi vya umbo jingine, navyo hupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayecheza majini. Minyoo wazima huishi katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai mengine hutoka na mkojo, na mengine hukwama katika kuta za kibofu, mirija ya mkojo na viungo vya uzazi. Hayo yaliyokwama ndiyo yanayoleta damu, makovu na maumivu, na yakidumu kwa miaka mingi huweza kuzaa saratani ya kibofu.

Konokono huyo haishi baharini. Kwa hiyo mtoto anayejitupa majini Forodhani hapati kichocho kwa kuogelea pale. Ardhi ya maweni ya kusini na mashariki ya kisiwa, ambako maji hayatuami juu ya ardhi, nayo haimfai. Ugonjwa umejikita zaidi kaskazini na katikati, kwenye vijito na mabwawa.

Mwaka 2011 Serikali ya Zanzibar na washirika wake wa ndani na nje walianzisha juhudi kubwa ya kuukata mzunguko huo, inayojulikana kwa kifupi cha ZEST. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2017 shehia 90, yaani 45 za Unguja na 45 za Pemba, zilifuatiliwa kwa karibu. Wote walipewa prazikwanteli kwa awamu mbili kila mwaka. Baadhi ya shehia ziliongezewa kazi ya kuua konokono, na nyingine ziliongezewa elimu ya kubadili tabia, pamoja na majukwaa ya kufulia nguo, sehemu za kukojolea skulini na michezo salama ya watoto mbali na vijito. Maambukizo yalishuka sana, hasa yale mazito. Hata hivyo mzunguko haukukatika.

Hapo ndipo tulipo hadi leo, na hapo ndipo kazi ya hadubini inapokuwa ngumu zaidi. Maradhi yakienea, mayai ni mengi na hata msomaji mchovu atayaona. Maradhi yakipungua, kila yai lililobaki hujificha katika bahari ya slaidi zisizo na kitu. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtu mwenye mayai chini ya 50 katika mililita 10 za mkojo huhesabiwa kuwa na maambukizo mepesi. Lakini tufanye hesabu ya makadirio. Mtoto mwenye mayai mawili tu katika mililita 10, akikojoa lita moja kwa siku, hutoa mayai yapatayo 200 kila siku. Kwa daktari hayo ni maambukizo mepesi. Kwa kijito wanachokitegemea watu wa kijiji kizima, si mepesi hata kidogo.

Nuru hupita, lakini huchelewa

Kwa nini yai la kichocho ni gumu kuliona? Si kwa udogo. Urefu wake ni kati ya mikromita 110 na 170, na upana wake kati ya 40 na 70. Kwa viumbe wa hadubini hilo ni jitu. Tatizo ni uangavu wake. Macho yetu na kamera zetu hupima jambo moja tu, nalo ni wingi wa nuru. Kitu chenye rangi hunyonya sehemu ya nuru, kwa hiyo nyuma yake huwa na kiza nasi tukakiona. Ndiyo maana tunatia rangi slaidi za damu na za nyama za mwili. Yai lisilotiwa rangi hunyonya nuru kidogo mno. Nuru huingia na kutoka karibu yote.

Hata hivyo nuru haitoki kama ilivyoingia. Katika anga tupu nuru husafiri takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya maji mwendo wake hupungua hadi takribani kilomita 225,000, na ndani ya ganda la yai au mwili wa kiluwiluwi hupungua zaidi kidogo. Fikiria ngalawa mbili zilizotweka pamoja kuelekea bandarini. Moja inapita maji matupu, nyingine inapita penye mwani mwingi. Zote zinafika na shehena kamili, ila ya pili imechelewa. Karani anayehesabu magunia hataona tofauti yoyote baina yao. Anayetazama saa ataijua mara moja. Macho yetu ni karani wa magunia. Habari za yai angavu zimo katika kuchelewa kwa nuru, na hizo ndizo tusizoweza kuzisoma moja kwa moja.

Habari hizo hazipotei lakini. Simama katika maji ya magotini siku ya jua, utazame mchanga chini. Utaona mistari ya nuru ikicheza na kusukana. Maji ni angavu, hayana rangi, lakini migongo ya mawimbi imeikusanya nuru mahali pamoja na kuitawanya mahali pengine. Mistari ile ni habari za umbo la maji zilizoandikwa juu ya mchanga. Anayejua kuisoma anaweza kukuambia mawimbi yamekaaje bila ya kuyatazama.

Hila ya mzee na hila ya Zernike

Mzee wa maabara alikuwa akiisoma mistari hiyo bila ya kuiita kwa jina la kisayansi. Alipoubana mlango wa nuru, miale iliyoifikia slaidi ikawa inakwenda karibu sambamba, na kila mahali yai lilipoipinda pakatokea mstari wa kivuli au wa mng'aro. Alipolizungusha gurudumu mbele na nyuma aliupitisha mstari huo juu na chini ya mahali panapoonekana vizuri, ndipo umbo likajitokeza. Hila hiyo ni ya bure na inafaa leo kama ilivyofaa jana. Lakini ina gharama yake: kadiri unavyoubana mlango, ndivyo unavyopoteza vitu vidogo vidogo ndani ya picha. Unaona ukingo, unakosa undani.

Katika miaka ya 1930 mwanafizikia Mholanzi, Frits Zernike, alipata hila nyingine. Aliweka pete maalumu katika njia ya nuru ili kuchelewa kugeuzwe kuwa tofauti ya mwangaza. Chembe hai ambazo awali zilibidi ziuawe na kutiwa rangi zikaonekana zikiishi. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1953. Hadubini za namna yake zipo katika maabara nyingi kubwa. Udhaifu wake ni kwamba huweka mng'aro wa bandia kuzunguka vitu, husumbuka na vitu vinene, na hazikupi kipimo: hukuonesha kwamba nuru imechelewa, hazikuambii imechelewa kwa kiasi gani.

Taa nyingi, picha nyingi, hesabu moja

Hapa ndipo inapoingia hadubini ya hesabu. Toa taa moja kubwa iliyo chini ya slaidi, weka badala yake kibao chenye makumi ya taa ndogo za diodi, kila moja ikiwashwa na kuzimwa kwa amri ya kompyuta. Mahali pa jicho weka kamera. Mwili wa hadubini unaweza kubaki ule ule.

Kwanza washa taa za nusu ya kushoto peke yake, piga picha. Kisha washa za kulia, piga nyingine. Katika kila picha yai litang'ara upande mmoja na kufifia upande wa pili, sawasawa na konyeza wetu ndani ya chupa. Kompyuta huitoa picha moja katika nyingine. Vinavyofanana, kama vumbi la kwenye lenzi na madoa ya rangi, hufutana. Kinachobaki ni mteremko, yaani mahali yai linapopanda na linaposhuka. Ukirudia kwa mbele na nyuma, kutokana na miteremko hiyo kompyuta inaweza kuchora mlima mzima, kwa maana ya ramani ya kiasi ambacho nuru imechelewa katika kila nukta. Hakuna mlango uliobanwa, kwa hiyo undani haupotei. Kundi la Laura Waller katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni miongoni mwa waliofanya mengi kuiendeleza njia hii.

Mwaka 2013 Guoan Zheng, Roarke Horstmeyer na Changhuei Yang, wa Taasisi ya Teknolojia ya California, walionesha njia ya pili, iitwayo taikografia ya Fourier. Kila msomaji wa slaidi anajua shida yake: lenzi ndogo huonesha eneo pana lakini bila ya undani, na lenzi kubwa huonesha undani lakini wa eneo dogo. Wao walitumia lenzi ndogo, wakawasha taa moja moja kutoka pembe mbalimbali. Kila pembe huleta kipande cha undani ambacho lenzi ile peke yake isingekipata. Kompyuta ikavishona vipande hivyo kuwa picha moja pana na yenye undani, pamoja na ramani ya kuchelewa kwa nuru.

Njia ya tatu ndiyo inayotupa kina. Wahudumu wa afya wanaifahamu mashine ya CT: huuzunguka mwili na kupiga picha kutoka pembe nyingi, kisha kompyuta huzijumlisha na kuutoa mwili kipande kwa kipande. Taa za pembeni mwa kibao hulitazama yai kwa mshazari, kila moja kutoka upande wake, na kwa hesabu zinazofanana na za CT yai linaweza kujengwa upya likiwa na mgongo, tumbo na ndani yake. Tofauti ni kwamba mionzi ya CT huenda karibu moja kwa moja, ilhali nuru katika vitu vidogo hujipinda na kutawanyika. Emil Wolf aliandika msingi wa hesabu za mtawanyiko huo mwaka 1969. Kompyuta zilipopata nguvu, watafiti wa taasisi ya MIT nchini Marekani walichora ramani hizo kwa chembe hai mwaka 2007. Mwaka uliofuata njia ya aina hiyo ikatumika kwa chembe nyekundu za damu zenye kimelea cha malaria. Bila ya rangi yoyote ilionekana jinsi uzito wa himoglobini ndani ya chembe unavyopungua kadiri kimelea kinavyokua na kuila.

Kina kina kazi gani?

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa shida ni kulijua yai lipo au halipo, kina cha nini? Kina sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba yai ni nene kuliko jicho la hadubini. Lenzi ya kawaida ya kukuza mara 10 huona kwa uwazi tabaka la takribani mikromita 10 tu, na juu na chini ya hapo ni ukungu. Yai lina unene wa mikromita 40 au zaidi, na chujio halilali sawasawa. Kwa hiyo yai moja linaweza kuwa ndani ya ukungu wakati msomaji anapita haraka. Picha yenye kina hulengwa baada ya kupigwa: unaweza kushuka na kupanda ndani yake kwa kompyuta, hata siku ya pili, hata ukiwa Mji Mkongwe na slaidi iko kijijini.

Ya pili ni kutofautisha. Chumvi za mkojo, nyuzi za pamba, unga wa glavu na mapovu huweza kujifanya mayai. Umbo la bapa linaweza kufanana na yai, lakini ni vigumu kuiga umbo la pande tatu: ganda, mwiba wa nchani, na kiluwiluwi aliyekunjwa ndani.

Ya tatu ni uhai. Mgonjwa aliyetibiwa anaweza kuendelea kutoa mayai yaliyokufa kwa wiki au miezi. Ukihesabu mayai tu utadhani dawa imeshindwa. Katika mkojo mbichi kiluwiluwi aliye hai hujongea ndani ya ganda, na kila anapojongea ramani ya kuchelewa kwa nuru hubadilika. Picha chache zinazofuatana zinaweza kumpambanua aliye hai na aliyekufa, na jibu hilo ndilo litakaloamua iwapo mgonjwa atatibiwa tena.

Karibu na nyumbani

Mambo haya hayako mbali nasi kama yanavyosikika. Hadubini iitwayo OpenFlexure, ambayo muundo wake ulianzishwa na Richard Bowman na wenzake Uingereza, hutengenezwa kwa vipande vya plastiki vinavyochapwa kwa mashine, kamera ya bei nafuu na kompyuta ndogo. Ramani zake hutolewa bure kwa yeyote. Wahandisi wa Dar es Salaam wameiunda kwa mikono yao, na wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara kule Bagamoyo wameijaribu kwa slaidi za malaria. Taarifa ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2020. Huisogeza slaidi yenyewe kwa hatua ndogo kuliko mikromita moja na kupiga picha katika vina tofauti. Huo ndio msingi ambao kibao cha taa kinaweza kujengewa juu yake.

Katika kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, slaidi za kinyesi za watoto wa skuli zilipigwa picha kwa skana ndogo katika kituo cha afya, na programu ya kompyuta ikayatafuta mayai ya minyoo. Iliyapata hata katika baadhi ya slaidi ambazo macho ya wataalamu yalikuwa yamezipitisha kuwa hazina kitu, na mengi ya hayo yalikuwa maambukizo mepesi. Nchini Nigeria kimejaribiwa kifaa kiitwacho Schistoscope, kilichobuniwa kwa ushirikiano na wahandisi wa Delft, Uholanzi, ambacho hupiga picha chujio la mkojo na kuhesabu mayai ya kichocho. Nasi ndugu zetu wa Pemba wana Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 huko Wawi, yenye uzoefu wa miaka mingi wa kusoma vichujio vya mkojo. Penye wasomaji hodari wa namna hiyo ndipo chombo kipya kinapostahili kupimwa kwa haki.

Tahadhari

Ni wajibu wangu kusema wazi kwamba hadubini za hesabu bado si kipimo cha kila siku katika vituo vyetu. Na zitakapofika, tuzipokee kwa macho yaliyofumbuka.

Picha iliyojengwa kwa hesabu si sawa na picha iliyoonekana. Taa moja ikiungua au slaidi ikisogea katikati ya kazi, kompyuta huweza kuchora kitu kisichokuwepo. Programu iliyofundishwa kwa mikojo ya nchi nyingine inaweza kubabaishwa na chumvi za mkojo wa mvuvi wa Nungwi aliyeshinda juani. Vitu vizito visivyopitisha nuru, kama vipande vya nyama ya kibofu, vinaendelea kuhitaji rangi na jicho la mtaalamu. Kwa hiyo picha asilia zihifadhiwe pamoja na jibu, na jibu la "yai" lithibitishwe na mtu. Wala tusidhani kwamba hadubini ndiyo njia pekee: vipimo vinavyotafuta antijeni ya mnyoo katika mkojo vilipojaribiwa hapa Zanzibar viliwabaini walioambukizwa ambao mayai yao hayakuonekana.

Lakini pia tusiudharau uchovu wa binadamu. Chujio la kipenyo cha milimita 13, ukilisoma kwa lenzi ya kukuza mara 10, lina maduara ya kutazama yapatayo 50. Slaidi 60 kwa siku ni maduara 3,000, na pengine katika hayo yote kuna yai moja. Chombo kinachopiga picha bila ya kuchoka na kumwachia mtaalamu maduara kumi ya kuamua hakimfukuzi kazi. Kinampa nafasi ya kuitumia elimu yake.

Ya kufanya leo

Kwa wenzangu wa maabara na vituo vya afya, tusisubiri kibao cha taa ndipo tuanze kuona. Pokeeni mkojo uliotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi, na matone ya mwisho yasiachwe. Utikiseni kabla ya kuvuta mililita 10. Shusheni kondensa, baneni mlango wa nuru, na pandeni na kushuka kwa gurudumu la kulengea katika kila duara. Ikiwa dalili zipo na mayai hayakuonekana, rudieni siku nyingine. Na nina ombi moja la kalamu: badala ya "hasi", andikeni "mayai hayakuonekana katika mililita 10". Maneno hayo yanasema ukweli wote, na yanamwachia daktari mlango wa kuuliza tena.

Kwa wagonjwa na wazazi: damu katika mkojo wa mtoto si dalili ya kukua, ni dalili ya maradhi. Jibu moja lisiloonesha mayai halifuti damu mnayoiona kwa macho yenu, rudini. Mwanamke mwenye maumivu ya nyonga, damu isiyo ya kawaida au uchafu ukeni usiokoma kwa dawa, amwambie daktari iwapo aliwahi kuoga au kufua vijitoni, hata kama ni zamani utotoni. Mtu mzima anayekojoa damu aje hospitali mapema ili kibofu kitazamwe. Na dawa ya prazikwanteli inapopita shehiani, kila anayestahiki aimeze, hata asiyehisi chochote.

Mtoto wa kaskazini alipata dawa yake alasiri ile ile. Kabla hawajaondoka, mama aliniomba aone kilichokuwa kikimuumiza mwanawe. Nikamwekea kiti, akafumba jicho moja na kutazama kimya kwa muda. "Mbona ni kama kioo?" akauliza. Mzee wa maabara akamjibu: "Ndiyo, mama. Ndiyo maana tulitaka kumkosa."